Runinga bapa ndani ya gari-nyumba: ya volti 12, ya adapta, au ya nyumbani kwa inveta?

Shimo lililoachwa na runinga ya zamani lilikuwa na upana wa sentimita 41, kimo cha 38 na kina cha 42. Nililipima nikiwa nimepiga magoti kitandani ndani ya Coaster yetu, nikaandika vipimo nyuma ya risiti ya mafuta, kisha nikashuka Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi, kutafuta skrini ya kulijaza. Nilizunguka duka hadi duka mpaka muuzaji mmoja kijana akaniuliza swali ambalo lingefaa nijiulize nikiwa bado nyumbani: "Mama, hiyo gari ni volti ngapi, na usiku mko na stima kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi mikono mitupu, na nashukuru nilirudi hivyo.

Runinga yenye kichogo huacha kabati la mraba, na macho hutaka kabati lijae. Lakini hata skrini bapa ya inchi 19, ambayo kwa familia ni ndogo, ina upana wa karibu sentimita 44. Haiingii. Ya inchi 24 ina sentimita 55 hivi, na ya 32 hufika 72. Kwa hiyo vipimo vya shimo viweke kando. Linganisha kwanza njia ambazo stima itapita kutoka betrini hadi kwenye skrini, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua mengine yote, kuanzia inchi hadi mahali pa kuitundika.

Nasema na mwenye gari-nyumba la aina yoyote: basi dogo lililogeuzwa, HiAce iliyowekwa kitanda na jiko, au gari ambalo wageni wa safari ndefu walilileta wakaliuza hapa Nairobi kabla ya kupanda ndege kurudi kwao.

Je, ya zamani ibaki?

Inawezekana, na kuna wanaoibakiza. Mawimbi ya analogi yalizimwa Nairobi mapema mwaka 2015, hivyo runinga ya kichogo haipati chochote bila king'amuzi chenye matundu ya nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na manjano. Ukishakiweka, una vifaa viwili vinavyokula stima na rimoti mbili za kupotea chini ya mto.

Mimi sishauri, na sababu yangu kubwa ni uzito. Runinga ya kichogo ya inchi 14 ina kilo 10 hivi, na ya inchi 21 hupita 20. Mara nyingi imewekwa juu, karibu na dari, nyuma ya vichwa vya abiria. Fikiria unateremka Mai Mahiu, lori la mbele linakanyaga breki, nawe unakanyaga. Kilo 20 za kioo zilizoshikwa na skrubu nne za mbao si kitu cha kukaa nyuma ya kisogo cha mtoto.

Wakati wa kuitoa, usifungue kifuniko cha nyuma. Ile chupa ya picha hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Muwe wawili, na muibebe kioo kikielekea kifua chako, kwa kuwa uzito wote uko mbele na ukiishika kinyume itakuponyoka. Halafu usiitupe kando ya barabara wala usiwape vijana wa vyuma chakavu waipasue watoe shaba. Kioo chake kina risasi, madini yale mazito yenye sumu, na kikivunjwa risasi hiyo huishia kwenye udongo ambao watoto wa mtu wanauchezea. Nairobi tuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za umeme. Ipeleke huko.

Stima: hapa ndipo penye kazi

Betri ya kawaida ya kulalia, namaanisha ile ya pili isiyowasha injini, ni ya volti 12 na ampea-saa 100, hicho kikiwa kipimo cha stima inayobeba. Kama ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu ukitaka ikae miaka. Basi ulizo nazo kwa kweli ni ampea-saa 50. Friji ndogo ya kompresa siku ya joto inaweza kuchukua 30. Zilizobaki 20 ni za taa, pampu ya maji, simu za watu wote, na runinga.

Sasa chukua jioni ya saa 3 za kutazama. Hesabu hizi nimezifanya kwa wati za kawaida za runinga za aina hizo. Zako zitatofautiana kidogo, kwa hiyo soma lebo ya nyuma kisha uzirudie kwa namba zako: wati mara saa, gawanya kwa 12. Inveta ni kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 240 za nyumbani; stabilaiza huzituliza zibaki 12.

| Njia | Wati zinazotoka betrini | Ampea-saa kwa saa 3 |
|---|---|---|
| Ya kichogo inchi 14 na king'amuzi, kupitia inveta | 70 | 18 |
| Bapa ya nyumbani inchi 32, kupitia inveta | 60 | 15 |
| Bapa ya adapta inchi 24, kupitia stabilaiza | 30 | 8 |
| Bapa ya volti 12 inchi 24, moja kwa moja | 28 | 7 |

Tazama mstari wa kwanza na wa pili. Watu husema skrini bapa haili stima, na nyumbani ni kweli. Ndani ya gari, ukinunua ya inchi 32 na kuipitisha kwenye inveta, umebakia karibu palepale ulipokuwa na ya kichogo. Skrini yenyewe inataka wati 45 tu. Zilizobaki zinaliwa na inveta, ambayo inapandisha volti 12 za betri hadi 240, halafu ndani ya runinga kuna saketi nyingine inayozishusha tena. Umepanda mlima na kuuteremka ili ufike nyumba ya jirani.

Inveta ina ulafi mwingine. Ile ya wati 1,000, hata kama haijachomekwa kitu, hula wati 10 hivi kwa kukaa macho tu. Ukiisahau usiku kucha, asubuhi utakuta imemaliza ampea-saa karibu sawa na za filamu uliyotazama. Kama lazima utumie inveta kwa runinga peke yake, nunua ndogo ya wati 300, na iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi, ambalo kwenye runinga nyingine huleta mlio kwenye spika na kupasha joto saketi ya umeme.

Lakini sitaki mtu aone kwamba naikataa njia ya inveta. Ina watu wake. Aliye na betri ya lithiamu ya ampea-saa 200 na sola ya kutosha juu ya paa hana haja ya kuhesabu ampea-saa 8 za ziada. Anayeegesha mara nyingi penye soketi, kwenye kambi au uani kwa ndugu zake shagz, yaani kijijini, naye yuko salama, kwa sababu stima anayotumia si ya betri. Runinga ya nyumbani ina heri nyingine pia: gari likiwa limeegeshwa miezi mitatu, unaitoa unaiweka sebuleni. Na kwa kuwa ya inchi 32 ndiyo imejaa Luthuli yote, bei yake hushindaniwa. Mara nyingi utaipata kwa pesa zisizo mbali na za ile ndogo ya volti 12.

Sasa ya volti 12 yenyewe. Hapa Kenya tuna bahati ambayo nadhani wengi hatujaitambua. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, runinga ya gari-nyumba ni bidhaa ya kipekee inayouzwa kwa wenye magari hayo, na bei yake inajua hivyo. Kwetu, runinga ya volti 12 ni runinga ya sola. Nyumba nyingi mashambani ambazo nguzo za stima hazijafika zinazitumia, kwa hiyo zimo madukani, vipuri vipo, na mafundi wanazijua. Nenda duka la vifaa vya sola kabla ya kwenda duka la runinga. Uliza mambo mawili. Kwanza, kama runinga inafanya kazi na betri yoyote, kwa sababu baadhi ya zile zinazouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo zimefungwa zitumike na betri ya kifurushi chake tu. Pili, inavumilia volti kutoka ngapi hadi ngapi.

Hilo la pili ndilo linalounguza runinga za watu. Betri tunaiita ya volti 12, lakini haikai kwenye 12. Ikiwa imechoka iko 11 na kitu. Injini ikiwaka, au jua la saa saba likigonga sola, inapanda hadi 14.4 na pengine zaidi. Runinga iliyoandikwa "DC 10–30V" haitajali. Iliyoandikwa "DC 12V" peke yake huenda ikavumilia, huenda isivumilie, na hutajua mpaka siku moja uiwashe mtu akiwa anaendesha, harufu ikupe jibu. Stabilaiza ndogo ya volti 12, ambayo inapokea zinazopanda na kushuka na kutoa 12 tupu, ni bima nzuri kwa pesa kidogo.

Njia ya adapta iko katikati, na ndiyo niliyoitumia miezi minane ya mwanzo. Skrini nyingi za inchi 19 hadi 24 zilizotengenezwa kwa nyumba hazina saketi ya 240 ndani. Zina adapta ya nje, kama ya kompyuta ya mapajani. Geuza adapta hiyo usome maneno ya pato. Ikiwa imeandikwa 12V na 3A, una runinga ya volti 12 ambayo muuzaji hakukuambia kwamba ni ya volti 12. Iache adapta kabatini, unganisha betri kupitia stabilaiza, ukihakikisha chanya na hasi ziko mahali pake kwenye kile kichomeo cha duara. Lakini nyingine zinataka volti 14, nyingine 19. Hizo utahitaji kifaa cha kupandisha volti, na wakati huo hesabu ya kujisumbua inaanza kufanana na ya inveta. Ukiona 19, tafuta nyingine.

Gari la volti 24

Nalitenga jambo hili kwa sababu nimeliona likiua betri za watu wawili ninaowajua. HiAce ni volti 12. Lakini Coaster nyingi za dizeli, na Isuzu za ukubwa wa NQR, ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo. Fundi mwenye haraka atakwambia, "Mama, hapa kwa betri moja kuna tweluvu, tunavuta hapo tu." Na runinga itawaka vizuri kabisa.

Usikubali. Betri unayoivuta peke yake inashuka, mwenzake haishuki, na chaja ya gari inaziona kama kitu kimoja. Inaendelea kuchaji mpaka jumla ifike, hivyo ile iliyojaa inachemshwa na ile iliyochoka haijai kamwe. Baada ya miezi michache unanunua zote mbili. Dawa ni konveta ya kutoka 24 hadi 12, inayovuta kwenye betri zote mbili sawasawa, au runinga inayokubali hadi 30, ambayo unaiunga moja kwa moja.

Kwa kazi hii mtafute fundi anayefunga skrini na muziki kwenye matatu. Watu hawa Nairobi wamefunga skrini ndani ya magari yanayoruka matuta tangu asubuhi hadi usiku, siku saba kwa wiki, na wanajua volti 24 kama wanavyojua njia ya nyumbani. Fundi wa runinga wa mtaani ni hodari kwa runinga, lakini gari linamchanganya. Aliyetufungia sisi alikuwa fundi wa matatu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua mita na kupima betri zetu mbili kila moja peke yake kabla ya kugusa waya.

Waya nao una neno. Runinga ya ampea 2 na nusu inaonekana ndogo, kwa hiyo watu wanaiwekea waya mwembamba wa spika. Kutoka betrini hadi nyuma ya gari ni mita 5, na kurudi 5. Waya wa milimita za mraba 0.75 utapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Betri ikiwa 12.1, runinga inapata 11 na nusu, nayo inajizima katikati ya taarifa ya habari huku wewe ukiilaumu runinga. Weka wa 2.5, na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri kabisa, si karibu na runinga. Fyuzi inalinda waya usiwake moto, na waya unaanzia betrini.

Inchi ngapi?

Picha ya runinga ya kichogo ya inchi 14 ina kimo cha sentimita 20 hivi. Skrini bapa ya inchi 19 ina 23. Ya 24 ina 30. Kwa maneno mengine, hata ile unayoiona ndogo dukani, ikisimama kando ya zile za 55 zinazong'aa ukutani, ni kubwa kuliko uliyokuwa ukitazama na hukulalamika.

Ndani ya HiAce, macho yako yako mita moja na kidogo kutoka skrini. Kwa umbali huo 19 hadi 22 inatosha, na ya 32 itakulazimisha kugeuza shingo kufuata mpira. Ndani ya Coaster au basi, ambako wengine wako kitandani nyuma na wengine kwenye kiti mita mbili na nusu mbele, 24 ni nzuri na 32 ina haki ya kufikiriwa.

Kuna jambo ambalo nilijifunza kwa kuchelewa, na ni muhimu kuliko inchi: pembe ya kutazama. Nyumbani unaketi mbele ya runinga. Ndani ya gari umelala, mtoto yuko chini sakafuni kwenye godoro, mwingine anachungulia akiwa jikoni. Paneli za bei ya chini, ukizitazama kutoka chini, rangi zinageuka na nyuso za watu zinakuwa kama picha kwenye negativu ya filamu. Paneli za aina ya IPS hazina tatizo hilo sana. Muuzaji huenda asijue aina, kwa hiyo fanya hivi: dukani, inama hadi macho yako yawe chini ya ukingo wa skrini, kisha uitazame. Watakushangaa. Inama tu.

Mawimbi

Kenya inatangaza kwa DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali. Hakikisha herufi hizo, pamoja na ile 2, zipo kwenye lebo au kwenye boksi. Runinga yenye DVB-T2 ndani inapata stesheni za bure, Citizen, KBC, NTV, KTN na nyingine, kwa eriali tu bila king'amuzi, na umejiokolea wati 10 na waya mmoja. Aliyenunua gari-nyumba lenye runinga yake kutoka Japani ajue kwamba mfumo wa matangazo wa huko ni mwingine na stima yao ya nyumbani ni volti 100. Runinga hiyo inaweza kutumika kwa waya wa HDMI na king'amuzi, lakini eriali yetu haitaielewa, na ukiichomeka kwenye soketi ya 240 utaiunguza.

Eriali au dishi? Kwa anayehama kila siku mbili, eriali. Unaizungusha kwa mkono, umemaliza. Dishi lazima lilengwe upya kila mnapoegesha, na kosa dogo la pembe hukosesha picha yote. Nimewahi kuona baba mmoja Naivasha akizunguka gari lake kwa saa nzima na dishi mkononi, mke akipaza sauti kutoka ndani, "Bado! Bado! Rudisha kidogo!" huku kipindi cha kwanza cha mechi kikiisha. Lakini anayekaa mahali pamoja mwezi mzima, au anayetaka ligi ya Uingereza kila Jumamosi, dishi na king'amuzi chake vina maana, na kule mbali kama ndani ya mbuga ya Masai Mara ambako eriali haishiki kitu, dishi linaona mbingu ileile.

Runinga za intaneti ni nzuri mjini. Safarini, picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na bando halina huruma. Sisi tunajaza filamu na vipindi vya watoto kwenye flashi kabla ya kutoka nyumbani, na tundu la USB la runinga linatosha. Kama ungekuwa unalipia zaidi kwa ajili ya intaneti ndani ya skrini ya gari, pesa hizo nunulia waya mzuri na stabilaiza.

Kuitundika

Braketi isiyosogea ni imara kuliko zote na haina mengi ya kuharibika. Mkono wa kukunja unakuwezesha kuelekeza skrini kitandani usiku na mezani mchana, na ndani ya gari dogo hilo ni faida kubwa. Mkono ukiwa hauna kufuli ya kuufunga wakati wa safari, usiununue. Kilo 3 za skrini ya inchi 24 zikiachwa ziyumbe kwenye barabara ya mawe ndani ya Mara zitafanya kazi ya nyundo, na kitakachogongwa ni kabati lako.

Nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu. Yapime kabla ya kununua braketi: ndogo huwa na milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, na za 32 mara nyingi 200 kwa 100 au 200 kwa 200. Skrubu zilizokuja na boksi huwa fupi au ndefu kupita kiasi kwa braketi uliyonunua kando. Ndefu ikizamishwa kwa nguvu inaweza kufika paneli yenyewe.

Ukuta wa gari ndio udhaifu. Plaiwudi ya milimita 9 inayotumika kwenye magari mengi ya kugeuza haishiki skrubu baada ya vumbi na mitikisiko ya safari mbili. Ongeza kipande cha milimita 18 nyuma yake, pitisha bolti hadi upande wa pili, weka washa ya springi, kile kipete kinachozuia nati isilegee. Baada ya kila safari ya barabara mbaya, shika skrini kwa mikono miwili uitikise kidogo. Ikicheza, kaza.

Sisi tulitundika ya inchi 24 kwenye mlango wa kabati lile la zamani, mlango tuliouongezea ubao na bawaba tatu nzito badala ya mbili. Ndani ya kabati, palipokuwa na kichogo, mna blanketi za watoto, na ukifungua mlango skrini inageukia kitandani. Hatuhitaji hata mkono wa kukunja. Tukisafiri, mlango unafungwa kwa komeo mbili na shuka nene inafunika kioo, kwa ajili ya kishindo na pia kwa ajili ya jua. Gari lililofungwa vioo Magadi saa nane mchana linapata joto ambalo paneli haikutengenezewa, kwa hiyo pale tunaacha dirisha la paa wazi kidogo hata kama vumbi litaingia.

Kama ungeniuliza mimi

Mwenye betri moja ya asidi na sola ndogo, na hasa mwenye watoto: inchi 24, volti 12, DVB-T2 ndani, inayovumilia hadi 30. Ukikosa inayovumilia, stabilaiza. Mwenye HiAce ya watu wawili anaweza kushuka hadi 19 na asijute. Mwenye lithiamu, au anayelala penye soketi, achukue ya 32 ya nyumbani na inveta ndogo ya wimbi safi, na aweke swichi ya inveta mahali anapoiona akiwa kitandani. Njia ya adapta ni ya anayebahatika kupata skrini nzuri yenye adapta ya 12V, kwa mfano ile ambayo tayari iko chumbani kwa mtoto na haitumiki.

Siku ya kununua, usitosheke na kuonyeshwa runinga ikiwaka kwenye soketi ya duka. Beba betri yako, au omba ya duka la sola, na uiwashe kwa betri hiyo mbele yako kwa dakika 15. Weka picha nyeupe tupu utafute madoa, weka nyeusi utafute mwanga unaovuja pembeni. Tafuta stesheni kwa eriali ya dirishani. Uliza dhamana inaandikwa na nani na irudishwe duka gani, na jina la modeli liandikwe kwenye risiti kwa ukamilifu, herufi na namba zote. Kisha muulize muuzaji, kwa upole, kama braketi iko ndani ya bei. Mara nyingi hukuongezea.